Kikombe cha Maji Chatosha Kumfundisha Mtoto

Wasikilizaji, wahenga walisema, "Maji ya kifuu ni bahari ya chungu." Maneno hayo yawafaa sana wazazi na walimu wa Samburu, katika Kaunti ya Kwale. Huko kando ya reli iendayo Nairobi kutoka Mombasa mvua ni haba, malambo hukauka, na maji ya visima vingi yana chumvi. Mtu aweza kuuliza: je, ni haki watoto wachezee maji ambayo mama zao wameyafuata mbali kwa madumu?

Ni haki, maana maji machache yatosha, na faida yake ni kubwa. Tangu mwaka 2019 mtaala wa Kenya wawataka watoto wa madarasa ya awali, wenye umri wa miaka 4 na 5, wajifunze kwa vitendo.

Jambo la kwanza ni kupima. Vikombe viwili vilivyo sawa vijazwe maji, kisha mtoto mwenyewe amimine kimoja katika chupa nyembamba na cha pili katika sahani pana. Aulizwe ni wapi penye maji mengi. Huenda akasema ni katika chupa. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget (1896–1980), alionyesha kwamba watoto wengi wasiofikia miaka 7 hivi hudanganywa na urefu wa chombo. Basi mtoto asichekwe. Ayarudishe maji vikombeni, aone mwenyewe kwamba ni yale yale.

Jambo la pili ni kukauka. Chupa na sahani zitiwe maji kidogo, kiasi kile kile, ziwekwe juani. Sahani hutangulia kukauka, kwa kuwa jua na upepo huyapata maji yaliyotandaa. Mtoto aliyeona hayo ataelewa kwa nini lambo pana lisilo na kina halidumu.

Jambo la tatu ni chumvi. Chembe chache zikorogwe katika maji yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi haionekani tena, lakini mtoto akionja ataijua. Matone machache yakikaushwa juani juu ya sahani, chumvi itabaki nyeupe.

Hapo ndipo penye fundisho kuu. Mwalimu alete maji ya tope kutoka lambo, ayaache yatulie katika chupa, wala mtoto yeyote asiyaonje. Tope litashuka, na juu yatabaki maji maangavu. Je, yanafaa kunywewa? La. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho, kama vile chumvi ilivyokuwamo isionekane. Maji kutulia hakuviui. Huuawa kwa kuyachemsha mpaka yatokote sawasawa. Lakini kuchemsha hakuondoi chumvi, na hilo nalo mtoto alijue.

Katika kazi hii yote mwalimu asiwaache watoto peke yao, maana mtoto mdogo aweza kuzama hata katika ndoo. Maji yasiyo na chumvi yakibaki, yamwagiwe mche.

Mtoto akirudi nyumbani, akashika kata, na kabla ya kunywa akauliza, "Mama, maji haya yamechemshwa?" basi huyo amelishika somo, na nyumba nzima itafaidika naye.