Faida ya Kuandika Joto la Kila Siku



Kusini mwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, iko bustani iitwayo Montsouris. Watu huenda huko kupumzika chini ya miti, na watoto hucheza. Katika bustani hiyo hiyo, tangu miaka ya 1870, hufanyika kazi isiyo na kishindo: joto la hewa hupimwa na kuandikwa siku hata siku. Walioianza kazi hiyo wamekwisha kufa zamani, lakini hesabu walizoziandika zingaliko, na hata leo zina faida kubwa.

Kazi yenyewe ina taratibu zake. Kipimajoto hakianikwi juani, kwa maana kikianikwa juani hupima ukali wa jua, si joto la hewa. Huwekwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye kupitisha upepo, juu ya uwanja wa majani, kimo cha mita moja na nusu hivi kutoka ardhini. Kwa kila siku hutakiwa hesabu mbili: joto la juu kabisa, ambalo aghalabu huja alasiri, na joto la chini kabisa, ambalo huja karibu na mapambazuko.

Hesabu ya siku moja pekee haielezi mengi, lakini haba na haba hujaza kibaba. Hesabu za siku zote za mwezi zikijumlishwa, kisha zikagawanywa kwa idadi ya siku hizo, hupatikana wastani wa mwezi. Wataalamu wa hali ya hewa wa nchi mbalimbali wamekubaliana kutumia wastani wa miaka 30, ili mwaka mmoja wa joto kali au wa baridi usiipotoshe hesabu. Kwa miaka ya 1991 hadi 2020, wastani wa joto la mchana huko Paris katika Julai na Agosti, ndiyo miezi ya katikati ya majira ya joto, ulikuwa kati ya digrii 25 na 26 za sentigredi. Usiku joto lilishuka hadi digrii 16 hivi.

Pamoja na wastani, daftari lina rekodi, yaani kipeo cha joto kilichopata kufikiwa. Tarehe 28 Julai, 1947, joto la Paris lilifika digrii 40.4. Kwa muda wa karibu miaka 72 haikutokea siku ya kuishinda ile.

Huenda mkazi wa Lodwar akayasikia hayo na kutabasamu. Kwake yeye mchana wa digrii 35 ni mchana kama michana mingine. Nyumba yake, mavazi yake, saa zake za kazi na za kupumzika, hata mwili wake wenyewe, vyote vimezoea joto. Lakini Paris ni mji uliojengwa kwa kuwakinga watu na baridi. Majumba yake mengi ni ya mawe, yamesongamana, yana orofa tano au sita, na mapaa yake ni ya bati la zinki. Chini ya mapaa hayo mna vyumba vidogo ambamo zamani walilala watumishi. Jua likilipiga bati hilo mchana kutwa, chumba huwa kama tanuri. Basi digrii zile zile ambazo mahali pamoja ni jambo la kila siku, mahali pengine huwa ni hatari. Na njia ya hakika ya kuyajua mazoea ya mahali ni kulitazama daftari lake la miaka mingi.

Jambo hilo lilidhihirika kwa uchungu mwezi wa Agosti, 2003. Siku tisa mfululizo joto la Paris lilipita digrii 35, na tarehe 11 na 12 lilifika digrii 39.5. Rekodi ya mwaka wa 1947 haikuvunjwa, na mtu aliyeitazama rekodi hiyo tu angaliweza kusema kwamba hapana jipya. Lakini hatari ilikuwa katika safu nyingine ya daftari, yaani safu ya usiku. Ulikuwapo usiku ambao joto halikushuka chini ya digrii 25.5. Maana yake ni kwamba saa ya baridi kuliko zote ilikuwa na joto la mchana wa kawaida wa Julai. Mwili uliochoshwa na joto la mchana huhitaji usiku wa kupoa, ili moyo nao upumzike. Usiku huo usipopatikana siku baada ya siku, wazee na wagonjwa hushindwa.

Tena Agosti ni mwezi wa likizo huko Ufaransa. Jamaa wengi walikuwa wamesafiri, na wazee wengi walibaki peke yao vyumbani. Hesabu ya vifo ilipolinganishwa na wastani wa miaka ya nyuma, ilionekana kwamba katika siku 20 za kwanza za mwezi huo walikufa watu karibu 15,000 zaidi ya kawaida katika Ufaransa nzima. Wengi wao walikuwa wazee wa miaka 75 na zaidi. Tarehe 3 Septemba, 2003, maiti 57 ambazo hakuna jamaa aliyekuja kuzichukua zilizikwa katika makaburi ya Thiais, karibu na Paris. Rais wa Ufaransa, Jacques Chirac, alihudhuria mazishi hayo.

Msiba huo uliwafundisha watu kulitumia daftari. Mwaka wa 2004 Serikali ya Ufaransa iliweka mpango wa kuwaonya watu kabla joto halijafika. Wataalamu walilinganisha hesabu za joto za miaka mingi na hesabu za vifo, wakaweka kiwango cha hatari cha kila mahali. Kwa Paris kiliwekwa kiwango cha digrii 31 mchana na digrii 21 usiku, kwa wastani wa siku tatu. Kwa Toulouse, mji wa kusini uliozoea jua, kiwango cha mchana kiliwekwa digrii 36. Ikitazamiwa kwamba kiwango kitafikiwa, onyo hutangazwa. Wazee wanaokaa peke yao huweza kujiandikisha katika ofisi ya mji, na siku za joto hupigiwa simu na kuulizwa hali.

Tarehe 25 Julai, 2019, rekodi ya zamani ilivunjwa. Joto la Paris lilifika digrii 42.6. Majira hayo joto liliua watu karibu 1,500 katika Ufaransa nzima. Huo nao ni msiba, na ni kweli kwamba joto hilo halikudumu siku nyingi kama lile la 2003. Lakini mara hii watu walikuwa wameonywa mapema, na waliokaa peke yao walikuwa na watu wa kuwauliza hali.

Wastani wenyewe nao unapanda. Ule wa miaka 1991 hadi 2020 ni mkubwa kuliko ule wa 1961 hadi 1990, kwa sababu gesi zitokanazo na makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa ulimwenguni zinaiongezea hewa joto. Mzee husema kwamba zamani hapakuwa na joto kama hili, na kijana hubisha. Daftari huwaamua wote wawili.

Basi mtu akipita mahali akaona kisanduku cheupe kimesimama juu ya majani, asikichezee wala asikisogeze. Na siku za joto kali zikija, usiku nao usipopoa, kabla ya kulala ampelekee maji jirani yake mzee, akamtazame hali yake.