Mtoto akisharuhusiwa wodini



Neno “ruhusa” lina utamu wake wodini. Mama aliyekesha siku tano pembeni mwa kitanda cha mwanawe, akisikia daktari anasema leo mnakwenda nyumbani, anakaza kanga, anakusanya chupa ya chai na bakuli, na ndugu wanaanza kutafuta nauli. Kwa wote hao, hatari imekwisha. Wiki hii nataka tuliangalie jambo hili, maana ziko hesabu zinazosema vingine.

Nazungumzia sepsisi. Mimi si daktari, nilisomea uandishi wa habari, kwa hiyo naieleza kwa lugha ya kawaida. Mtoto anapata maambukizi, pengine ya mapafu, pengine ya tumbo, na mwili wake katika kupambana nayo unavurugika hadi kuumiza viungo vyake wenyewe. Kwa mwaka 2017 pekee ilikadiriwa kwamba watoto wa chini ya miaka mitano wapatao milioni 20 duniani waliipata, na milioni 2.9 wakafa. Sehemu kubwa ya mzigo huo iko huku kwetu, Afrika kusini mwa Sahara.

Wataalamu wamehangaika miaka mingi kutafuta namna ya kumtambua, kati ya watoto waliojaa kwenye benchi, yule aliye karibu zaidi na kifo. Dalili tatu zimethibitika kuwa na uzito: mtoto hawezi kukaa mwenyewe, hajitambui, au anavuta pumzi kwa kina kisicho cha kawaida. Hazihitaji mashine, zinahitaji mtu wa kupita kwenye foleni na kutazama. Mwaka 2024 vikatolewa vigezo vipya vya kimataifa vinavyopima mapafu, mzunguko wa damu, kuganda kwa damu na ubongo. Kazi nzuri. Lakini macho yote yako kwa mtoto aliye hospitali.

Sasa twende Mbarara, magharibi mwa Uganda. Watafiti waliwafuatilia watoto 1,307 wa miezi 6 hadi miaka 5 waliolazwa kwa maambukizi makali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Waliofia wodini ni 65. Watoto 1,242 wakaruhusiwa, wakafuatiliwa miezi sita mingine. Wakafa 61.

Yaani waliokufa baada ya ruhusa wanakaribia kulingana na waliokufa kabla yake, na wengi wao walifia nje ya hospitali.

Watafiti hao wakaona kwamba mambo matano yangeweza kuonyesha ni nani yuko hatarini zaidi: unene wa mkono wa juu, oksijeni katika damu, hali ya fahamu siku ya kulazwa, maambukizi ya VVU, na muda uliopita tangu alazwe mara ya mwisho. Utepe wa kupimia mkono upo kliniki nyingi. Kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni ni kidogo. Mambo haya yanajulikana tangu siku ya kwanza, kisha yanafungiwa kwenye faili, na mama anaondoka na karatasi ya dawa tu.

Najua wauguzi watanijibu kwamba ni wachache na makaratasi tayari yamewalemea. Ni kweli. Na hakuna anayetaka mama apewe asilimia ya kifo cha mwanawe. Hata katika kundi la hatari, wengi wanapona. Ninachoomba ni hesabu hiyo itumike kuamua nani arudi baada ya siku tatu na nani baada ya mwezi, na nani apigiwe simu asipoonekana. Kuwapa wote tarehe moja ni kuwafanya wote sawa wakati hawako sawa.

Kwa upande wako, mzazi, kabla ya kutoka uliza: mwanangu ni wa kurudi lini, na kwa dalili zipi nisisubiri tarehe? Kukataa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kupumua kwa shida, kulegea na kulala kupita kiasi, hizo ni za kurudi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na kama nauli ya kurudi haipo, lisemwe pale pale wodini, kabla kitanda hakijapewa mtoto mwingine.