Fundi wa Mfumo Mmoja: Ajira Iliyomo Ndani ya Programu za Fedha

Mada iliyotolewa mbele ya wakazi wa kata katika mazungumzo juu ya huduma na ajira kwa vijana



Kila mwananchi aliyewahi kulipia leseni ya biashara au kibali cha ujenzi amekwisha kukutana na mfumo wa fedha, ingawa hakuuona. Ile namba ya kumbukumbu ya malipo anayopewa kabla ya kwenda benki au kwa wakala wa simu ndiyo sehemu ndogo ya mfumo inayojitokeza nje. Sehemu kubwa imo ndani, na huko ndiko huduma hukwama. Fundi amemaliza darasa, fedha ipo, hati zimesainiwa, lakini malipo hayatoki kwa kuwa kifungu kilichoandikwa sicho kilichomo katika bajeti iliyopitishwa. Mfumo umekataa, tena umekataa kwa haki. Wengi husema “mtandao unasumbua”. Yupo mmoja anayejua kwa hakika kwa nini umekataa na nini kirekebishwe. Mada hii inamhusu mtu huyo.

Inamhusu pia kwa sababu nyingine. Katika nyumba nyingi yuko kijana mwenye stashahada au shahada ya uhasibu ambaye bado hana kazi. Siku moja huja na habari: akisomea programu moja ya fedha inayotumiwa na makampuni makubwa, ajira itamfuata. Ada inayotajwa si ndogo. Mzazi hutazama ng'ombe zizini, au kipande cha shamba, na kujiuliza kama auze. Swali hilo linastahili jibu la kina, maana kilichouzwa hakirudi.

Programu inayotajwa mara nyingi ni SAP, ambayo wenye kazi yao hutamka herufi moja moja, si kama neno. Ilianzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliokuwa wafanyakazi wa IBM. Toleo la R/3 lililotoka mwaka 1992 ndilo lililoieneza katika viwanda, mashirika ya umeme na makampuni ya biashara ya mataifa mengi. Haiuzwi dukani kama programu ya kuandikia barua. Huwekwa ndani ya shirika kwa kazi ya miezi mingi, na kila shirika huipanga kwa taratibu zake: orodha ya akaunti, ngazi za idhini, kodi, vituo vya gharama. Upangaji huo ndio uliozaa taaluma yake. Wapo wanaoutumia mfumo kila siku, wapo wanaoupanga, wapo wanaoandika programu za nyongeza, na wapo wanaokagua kama aliyeandaa malipo siye aliyeyaidhinisha.

Ili kuona ubingwa uko wapi, tuseme shirika limeagiza mifuko 100 ya saruji. Ghalani imefika 90. Mwenye duka ameleta ankara ya 100. Zamani mhasibu alizibana hati hizo tatu kwa pini, yaani agizo, hati ya mapokezi na ankara, akazilinganisha kwa macho. Mfumo huzilinganisha wenyewe, huona pengo la mifuko 10 na kuzuia malipo. Mtumiaji mwenye kujua vitufe tu hutafuta kitufe cha kuondoa kizuizi, na hukipata. Bingwa huuliza kwanza: mifuko 10 imechelewa njiani, au ilifika na mtunza ghala akasahau kuiandika, au haikuwahi kuwepo? Kila jibu lina marekebisho yake katika vitabu, na jibu la tatu lina jambo zito zaidi ya uhasibu.

Tena iko akaunti ya mpito inayopokea thamani ya mali iliyofika kabla ya ankara yake. Isipoangaliwa hugeuka jalala: mapokezi yasiyo na ankara, ankara zisizo na mapokezi, miaka imelundikana juu ya miaka. Mtu awezaye kuifungua akaunti hiyo, akaeleza kila salio na kulifunga lililokwisha, hupata jina ofisini haraka kuliko mwenye vyeti vitatu ukutani. Ndivyo ilivyo pia kwa kufunga hesabu za mwezi, kazi ya usiku na ya shinikizo, ambayo haifundishwi vema darasani kwa sababu darasani hakuna mwezi unaokwisha.

Hapa ndipo jibu kwa mzazi linapoanza. Mlango wa kuingia katika taaluma hii kwa kawaida ni kazi, na cheti hufuata nyuma. Walio wengi walikuwa makarani au wahasibu wa kawaida katika shirika lililokuwa na mfumo huo. Wakawa ndio wanaoulizwa na wenzao, wakaitwa kusaidia mfumo ulipobadilishwa, na baadaye wakawa washauri. Cheti kisicho na kazi nyuma yake huonyesha kwamba mtu amejibu maswali. Mwajiri hutaka aliyewahi kukosea ndani ya mfumo ulio hai na akarekebisha.

Lipo na jambo la pili, ambalo halmashauri za Tanzania zimekwisha kulishuhudia. Kwa miaka mingi hesabu zake ziliendeshwa kwa Epicor, programu iliyonunuliwa kutoka nje. Wapo wahasibu waliojenga heshima yao yote juu yake. Kisha Serikali ikaleta MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini, uliotengenezwa na wataalamu wa ndani. Skrini zikabadilika, na ujuzi wa kukumbuka kitufe kilipo ukaisha thamani kwa muda mfupi. Lakini kifungu cha bajeti, usuluhishi wa hesabu za benki, na kanuni kwamba agizo la ununuzi lipite ndani ya mfumo kabla ya mali kupokewa, hayo yalihamia mfumo mpya bila kubadilika. Aliyeyajua hayo alihitaji mafunzo mafupi tu.

SAP yenyewe iko katika mabadiliko ya namna hiyo. Mwaka 2015 ilitoa toleo liitwalo S/4HANA, na imetangaza kwamba huduma ya kawaida kwa toleo lililotangulia itakoma mwisho wa mwaka 2027. Katika toleo la zamani leja kuu, mali za kudumu na hesabu za gharama zilikuwa na hifadhi zake mbalimbali, na palikuwa na watu ambao kazi yao kila mwezi ilikuwa kuzioanisha. Toleo jipya limeziweka katika jedwali moja. Kazi ya kuoanisha imepungua sana, na kazi ya kuhamisha taarifa kutoka la zamani kwenda jipya imeongezeka. Chuo kinachofundisha leo toleo la zamani peke yake kwa ada kamili kinapaswa kuulizwa sababu.

Basi ng'ombe asiuzwe kwanza. Masomo ya utangulizi ya SAP hutolewa bure na kampuni yenyewe kwenye intaneti, na kijana akiyafuata kwa miezi miwili atajua kama kazi hiyo anaiweza na anaipenda. Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ni matumizi bora zaidi ya fedha ya familia, kwa kuwa uhasibu haufi pamoja na programu. Nafasi za utarajali zitafutwe, hata katika shirika lenye mfumo mwingine. Na hapa hapa katani, zahanati na shule huandaa hesabu zake katika mfumo. FFARS, ulioanzishwa kwa ajili ya vituo hivyo, ulizinduliwa mwaka 2017. Kijana asiye mwajiriwa hawezi kupewa nywila, na asiombe, wala asikubali kuazimwa. Mtu akiingia kwa nywila ya mwingine, malipo yatakayofanyika yatabeba jina la mwenye nywila. Hata hivyo taarifa za mapato na matumizi za vituo hubandikwa kwenye mbao za matangazo. Kijana anayesoma uhasibu anaweza kuzisoma, kuzilinganisha za robo moja na nyingine, na kuuliza maswali katika mkutano wa kijiji.

Familia itakayoamua kulipia kozi iulize mambo matatu kabla ya kutoa shilingi: ni toleo gani linafundishwa, mwanafunzi atakuwa na saa ngapi ndani ya mfumo wa mazoezi uliounganishwa kweli badala ya picha za skrini, na mwalimu aliwahi kufunga hesabu za shirika lipi, mwaka gani. Wahitimu wawili wa chuo hicho watafutwe, waulizwe wanafanya kazi wapi sasa.