Nyumba ya Mawe Penye Mteremko
(Maneno ya mazungumzo kwa wenye kujenga Kaaleng)

Wasikilizaji, akai ya Kiturkana hujengwa na mama kwa fito na majani ya mkoma. Maji yakiingia, hujengwa tena penginepo, wala hasara si kubwa. Lakini nyumba ya mawe na mabati haihami. Kwa hiyo kiwanja sharti kitazamwe vema kabla ya fedha kutolewa.

Mvua ya Turkana ni haba. Lodwar hupata chini ya milimita 250 kwa mwaka. Walakini hunyesha kwa kishindo juu ya ardhi ngumu isiyonywa upesi, na korongo lililokuwa kavu asubuhi laweza kuchukua mbuzi jioni.

Basi upande mrefu wa nyumba na ukingame mteremko, ili kazi ya kuchimba ipungue. Upande wa juu pachimbwe mfereji wa kugeuza maji yapite kando, yasielekezwe kwa jirani. Udongo uliochimbwa juu na kumwagwa chini haufai kubeba ukuta: utadidimia, na ukuta utapasuka. Msingi sharti ufike kwenye ardhi ya asili, ijapokuwa upande wa chini utakula mawe mengi. Hapo ndipo fundi mwenye haraka huharibu kazi. Choo na zizi vikae chini ya nyumba, mbali na kisima.

Tena shauri hili si la baba na fundi peke yao. Mama aliyejenga akai mahali hapo miaka mingi ajua maji hupita wapi. Na aulizwe kabla ya vigingi kupigwa.