Bunduki Tupu ni Ipi?



Neno nitakalowaeleza leo ni dogo, walakini laweza kumpeleka mtu gerezani. Mtu achukua bunduki begani. Mtutuni hamna kitu, risasi zi mfukoni. Akiulizwa, hujibu, "Bunduki yangu ni tupu." Je, sheria nayo itakubali?

Jibu si moja katika nchi zote. Huko Uingereza, Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 yasema kwamba bunduki ya marisau huhesabiwa kuwa imejazwa ikiwa risasi imo mtutuni, au imo katika ghala yake mahali ambapo mtambo waweza kuisukuma iingie mtutuni. Basi mtutu kuwa mtupu hakutoshi.

Katika jimbo la California, Marekani, sheria yataja hata risasi iliyoambatana na bunduki kwa namna yo yote. Walakini mwaka 1996 ilisikizwa kesi ya mtu ambaye risasi zake zilichomekwa katika kitako cha bunduki. Mahakama ya rufani ikaamua kwamba bunduki ile haikujazwa, maana risasi haiwezi kulia kutoka kitakoni. Ama gobori, huko huhesabiwa kuwa limejazwa likiwa limeshindiliwa baruti na risasi, na fataki imekwisha kuwekwa.

Jimbo la New York ni kali zaidi. Mwenye bastola aliye pia na risasi ziifaazo, hata zikiwa mfukoni, huhesabiwa kuwa ana bastola iliyojazwa. Akiwa hana ruhusa, na amekamatwa nje ya nyumba yake au mahali pake pa kazi, kifungo chake chaweza kufika miaka 15.

Mwaona, sheria hizi zote zapima jambo moja: risasi i karibu kiasi gani na mtutu. Wengine wasema umbali wa mfuko watosha kuwa salama. Wengine wasema kutia risasi ni kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo nawausia mambo mawili. Kwanza, mwenye bunduki aulize sheria ya mahali alipo kabla hajashika njia. Pili, killa bunduki ishikwe kana kwamba imejazwa. Mahakimu waweza kubishana juu ya maana ya neno, lakini risasi haingoji hukumu.