Kabla ya Kuamini Tiba, Uliza Imepimwaje



Mara nyingi wananchi hutuuliza kama dawa fulani inayosambazwa kwenye simu ni ya kweli. Leo sitawatajia dawa. Nitawapa njia ya kupima habari zake.

Ushahidi wa tiba una ngazi. Chini kabisa ni ushuhuda: jirani alikunywa, akapona. Huenda angepona hata bila kunywa. Juu yake ni maoni ya mtaalamu. Kisha kuna utafiti unaofuatilia wagonjwa wengi, waliotumia dawa na wasioitumia. Juu zaidi ni jaribio ambalo wagonjwa hugawanywa kwa kura, ili makundi yafanane na tofauti iwe tiba tu. Kileleni ni mapitio yanayojumlisha majaribio yote mazuri kuhusu swali moja.

Kwa nini tujali? Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, aongezewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Walikuwa na nia njema. Kati ya 2009 na 2011, jaribio liitwalo FEAST liligawanya kwa kura watoto 3,141 wa Kenya, ikiwemo Kilifi, Uganda na Tanzania. Kufikia saa 48, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji kwa haraka, karibu 11 walifariki. Kwa wale ambao hawakupewa hivyo, walifariki 7. Jaribio lilisimamishwa mapema.

Tuelewane: watoto wanaoishiwa maji kwa kuhara hawakuwa katika jaribio hilo. Hao maji huwaokoa, kwa hivyo usimkatalie mwanao dripu.

Ikiwa wataalamu wenyewe walihitaji kupima ndipo wajue, sembuse ujumbe usio na mwenyewe? Ukiupata, uliza mambo matatu: Ni nani amepima? Kwa watu wangapi? Walilinganishwa na nani? Ukikosa majibu, usiusambaze, wala usiache dawa ulizoandikiwa. Muulize kwanza mhudumu wa afya katika zahanati iliyo karibu nawe.