Kipimo cha Nyumba Mjini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Wanachama, Terrat, Arusha)



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo linalomgusa kila karani aliyepata kuweka akiba ili ajenge, yaani jinsi mji unavyoweka kipimo cha nyumba mpya. Twalisema hapa Terrat kwa makusudi. Mahali hapa palikuwa malisho na mashamba ya mahindi. Leo ni kata ya Jiji la Arusha, na watu wa mshahara mdogo waja huku kununua vipande vya hatua 20 kwa 20, au pungufu. Huko juu, miteremkoni mwa Meru, ardhi imegawanywa baba kwa wana hata karibu haigawanyiki tena. Basi wana wa mlimani nao washukia huku.

Mwenzetu mmoja alinunua kipande chake, akafyatua matofali, akajenga msingi. Alipokwenda kuomba kibali aliambiwa kwamba kiwanja ni kidogo kuliko kipimo. Alirudi, akaketi juu ya msingi wake mpaka jua likachwa. Msingi ule ungalipo, na majani yameota ndani yake.

Kwanza yafaa tuijue sheria. Katika Tanzania viwanja vya kukaa watu hugawanywa mafungu matatu: vya ujazo mkubwa, vya ujazo wa kati, na vya ujazo mdogo. Tusidanganyike na majina. Ujazo ni wa watu, si wa ardhi, na kiwanja cha ujazo mkubwa ndicho kidogo kuliko vyote. Kila fungu lina kipimo chake. Tena huamriwa ni sehemu gani ya kiwanja yaweza kufunikwa na jengo, na nafasi gani iachwe kati ya ukuta na mpaka wa jirani. Mambo ya kupanga miji yamewekwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007.

Lakini desturi ya mafungu matatu ni ya zamani. Mwaka 1914 Wajerumani waliugawa mji wa Dar es Salaam mafungu matatu kwa namna ya majengo, na Waingereza wakafuata njia hiyo. Katika siku za Waingereza sheria ilitaja namna ya nyumba, si rangi ya mwenye nyumba. Walakini asiyeweza kujenga nyumba ya namna ile hakukaa pale. Ndiko yalikotoka majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Basi tumejifunza kwamba kipimo cha nyumba chaweza kumchagua mtu bila kumtaja.

Wala si huku peke yake. Mwaka 1589 Bunge la Uingereza liliamuru kwamba nje ya miji mtu asijenge nyumba mpya ya kukaa ila iwe na ekari 4 za shamba. Maskini angezipata wapi? Sheria ile ilifutwa mwaka 1775.

Je, twataka vipimo viondolewe vyote? Hasha! Nyumba isiyo na hewa wala mwanga huzaa maradhi, na kifua kikuu hakiulizi cheo cha mtu. Huko huko Uingereza kiliwekwa kipimo kingine mwaka 2015: makao mapya ya mtu mmoja yasipungue mita za mraba 37, katika miji iliyokubali kukitumia, kama London. Kipimo hiki chamwangalia alalaye ndani. Kile cha ekari 4 kilimwangalia mfuko wake. Hiyo ndiyo tofauti tunayoomba muikumbuke.

Mfano mwema tunao karibu. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Dar es Salaam. Vingi vilikuwa vidogo, takriban mita 12 kwa 24; lakini barabara zilitangulia, na kila mtu akajenga kwa kadiri ya uwezo wake. Leo nani aidharauye Sinza? Udogo wa kiwanja haukuiharibu, kwa kuwa njia iliachwa kabla ya ukuta kusimama.

Kwa hiyo tunayo maneno mawili. Kwa wakubwa wa mipango twaomba kwa heshima: Terrat inapopimwa, vipande vidogo vilivyokwisha kununuliwa vitafutiwe njia ya kukubaliwa, maadamu vina nafasi ya choo, hewa na njia. Mtu akikataliwa hapa haachi kujenga. Huenda mbele zaidi, pasipopimwa, akajenga vibaya zaidi.

Neno la pili ni letu sisi wenyewe, nalo ni chungu. Nani kati yetu, aliponunua, aliuliza gari la zimamoto litapita wapi, au maji ya masika yateremkayo kutoka mlimani yataelekea wapi? Twanunua mpaka ukutani kwa jirani, kisha twalia kwamba mji hautuoni. Tukubaliane majirani kwa majirani, kila mmoja atoe hatua chache kwa njia kabla hajaweka jiwe la kwanza. Tukifanya hivyo, tutakapokwenda kuomba tutakwenda na hoja, si na machozi.

Haba na haba hujaza kibaba. Na hatua chache za kila mtu hufanya barabara.